Ugomvi Chini ya Paa Moja

Kwetu neno ugomvi linafanya kazi nyingi kuliko jembe. Mtoto akiomba uji mara ya pili kabla wenzake hawajapata, mama yake anamwambia, "Wewe leo unataka ugomvi." Mawingu yakitanda siku tatu bila kudondosha tone, wazee wanasema mvua ina ugomvi na sisi. Ukipita karibu na nyumba ya mtu usipige hodi, kesho yake mkikutana njia ya Ulaya, hiki kijiji cha kwetu bondeni, anakuuliza, "Kwani tuna ugomvi?" Hamna ugomvi wowote. Anataka tu uende ukakae, ule kipande cha muhogo, umpe habari za watu. Hata kiatu kikibana tunasema kina ugomvi na kidole.

Watu wa ofisini hawalipendi sana neno hili. Wakati wa Uhuru walikuja na neno vita. Tulikaa chini uwanjani tukaambiwa tuna vita na ujinga, umaskini na maradhi, na bibi mmoja aliyekaa kando yangu akataka kujua hao watatu wanatokea kijiji gani. Siku hizi redio inasema mgogoro. Mgogoro wa wakulima na wafugaji, mgogoro wa mipaka ya hifadhi. Mgogoro ni neno la kukaa mezani na maji ya chupa. Ugomvi ni wetu, unakaa jikoni.

Na ugomvi wenye kelele hauna neno. Watu wanatukanana kisimani, wanavutana kanga, wanaamuliwa, jioni wanaazimana chumvi. Wagombanao ndio wapatanao, aliyesema hakukosea. Ugomvi uliokuwa unaogopwa kwetu ni ule wa kimya, mtu anaulaza moyoni huku anapika na kucheka na wenzake. Wakunga walikuwa wanaujua. Walikuwa wanasema mwanamke mwenye mimba akizungukwa na ugomvi wa kimya, mtoto hatoki. Anasikia huko aliko kwamba nje si salama, anagoma. Wauguzi wa leo wakisikia hivyo watacheka, na wacheke. Mimi naandika ugomvi wangu kama ulivyokuwa, maana ulikaribia kuniulia mtu.

Mimi ni mtu wa milimani. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la pili, nikatolewa nikamlee mdogo wangu. Mwandiko huu nimeupatia ukubwani kwenye kisomo, ndiyo maana unapanda na kushuka kama njia za kwetu. Nikaolewa bondeni, upande wa Ulaya, na mwanaume Mwislamu, nikasilimu. Baba yangu alinuna miaka miwili, kisha akaja kula pilau ya Idi nyumbani kwangu, sahani mbili, mambo yakaisha.

Mume wangu alikuwa anakata mkonge, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nilizaa naye mara tatu. Wawili tuliwazika, akabaki mmoja wa kike, ambaye sasa naye ni bibi, anakaa Mabwerebwere na ana duka dogo la mkaa na nyanya. Baada ya huyo sikushika tena mimba. Mwaka wa tano wa kungoja mume akaniambia ataongeza mke. Aliniambia kwa adabu, nikamjibu kwa adabu. Akamleta binti wa watu, nimemzidi miaka kumi na zaidi, akamjengea nyumba yake ng'ambo ya ua, hatua kama thelathini kutoka kwangu. Ndiyo desturi, kila mke na jiko lake na ghala lake. Mume ndiye anayevuka ua, wake hawavuki bila sababu.

Nisije nikamsema vibaya. Huyo mwenzangu hakuwa na ubaya. Aliniita dada. Kila asubuhi alikuja mpaka mlangoni kwangu akapiga goti, "Shikamoo dada," nami "Marahaba." Alijua kulima kuliko mimi, na jembe lake halikupumzika. Kosa lake lilikuwa kucheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, na mume akirudi kutoka kwenye mkonge nilikisikia kinavuka ua mpaka kwangu, na mimi sikukumbuka kama mume huyo aliwahi kunichekesha mimi namna ile. Basi, kwa kicheko tu, nikawa na ugomvi naye ambao yeye mwenyewe hakuujua. Asubuhi napokea shikamoo yake kama kawaida.

Ukaja mwaka wa operesheni, watu wote wahamie vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tumetawanyika mashambani, upande wa porini unakoelekea Mikumi. Tukaambiwa tusogee kando ya barabara, tupate shule na kisima. Sisemi ilikuwa mbaya yote. Mwanangu alisoma kwa sababu hiyo. Na tembo walikuwa wametuchosha. Unalima, unapalilia, unalinda, halafu mahindi yakianza kutoa mbelewele anakuja mwenyewe na familia yake, na huna wa kumshitaki. Lakini kuhama ni kuhama. Mtu anabeba kinu, hawezi kubeba mgomba wala kaburi.

Kabla ya kuhama wakaja vijana wawili kuandikisha. Mmoja alikuwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata, na daftari refu kwapani. Mume yuko kwenye mkonge. Mwenzangu alikuwa mtoni anafua. Mimi nimekaa uani nachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mwenye mji huu yuko wapi?"

"Kazini."

"Kwa hiyo wewe ndiye mkewe."

"Ndiye."

"Watoto?"

"Mmoja."

Akaandika. Kisha akanyoosha kalamu kuelekea nyumba ya ng'ambo. "Na pale anakaa nani?"

Halikuwa swali gumu. Mtoto wa miaka minne angelijibu. Mimi nikasema, "Pale kuna mgeni. Ndugu wa mume wangu. Anarudi kwao karibuni."

"Kwao wapi?"

"Mbali."

"Basi atahesabiwa huko huko," akasema, akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Nikampa kwenye kata safi.

Nilichofikiri ni hiki: asiyeandikwa hahami. Atabaki na nyumba yake, au wazazi wake watakuja kumchukua, na mimi nitakaa barabarani na mume wangu kama zamani. Nilidhani daftari la serikali ni kama karamu, ambaye hakualikwa haendi. Kumbe siku ya kuhama lilikuja lori na mgambo, wakasema hakuna mtu wa kubaki huku, aliyeandikwa na asiyeandikwa, wakaezua nyumba zote mbili. Tukapakiwa pamoja, mimi, yeye, mtoto, kuku na vinu viwili. Kule kijijini viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba, mstari umenyooka, kiwanja kimoja kwa kila kaya iliyoandikwa. Mwenye wake wengi walioandikwa alipata cha kila mke. Kwetu palikuwa na mke mmoja. Tukapewa nyumba ya vyumba viwili na jiko moja nyuma.

Ndivyo yule niliyetaka awe mbali zaidi ya hatua thelathini alivyoletwa mpaka ubavuni kwangu. Kati ya chumba chake na changu palikuwa na mkeka umetundikwa. Akikohoa, nageuka.

Mtani wa mume wangu alipita siku moja akatukuta tunapuliza moto mmoja. Mtani kwetu ana ruhusa ya kusema asichoruhusiwa mtu mwingine. Akasimama na baiskeli yake akatutazama.

"Huyu mtani wangu bahili kweli," akasema. "Anaweka wake kama kuku wa mnadani, tenga moja. Mnapeana zamu ya kutaga?"

"Ondoka hapa na pua yako," nikamwambia.

"Naondoka, mama. Nikirudi nitaleta pumba."

Tukacheka, maana mtani lazima umcheke. Lakini nilimwona mwenzangu amecheka kwa meno tu. Kile kicheko chake kilikuwa kimeisha tangu tuhame.

Sababu niliijua. Asubuhi kengele ya kazi ikipigwa, watu wanaitwa kwa majina kwenda shamba la kijiji. Yeye haitwi, lakini analima. Ulipokuja ule unga wa manjano wakati wa njaa, watu walipanga mstari, na alipofika mbele karani akatafuta jina lake mara mbili, akamwambia, "Mama, wewe hapa hupo." Akarudi na kapu tupu kichwani, amelishika kwa mikono miwili kama lililojaa.

Akamuuliza mume, "Kwa nini hukuniandikisha?"

Mume akaapa hakuwepo siku hiyo.

"Basi nani alisema sipo?"

Mume hakujua. Akasema labda serikali haimtambui mke wa pili. Lakini mstari wa tatu palikuwa na mzee mwenye wake watatu na viwanja vitatu, na mwenzangu alikuwa na macho. Akaamini kuwa mume amemkana mbele ya wakubwa kwa sababu ya woga au kwa sababu amemchoka. Akaacha kusema naye. Anampa maji ya kuoga, anampa chakula, haongei. Na tayari alikuwa na mimba.

Na mimi hapo katikati nikawa mtu mwema. Nisifiche. Nilikuwa napika uji, natia ndimu, nampelekea chumbani kwake. "Kunywa mdogo wangu. Wanaume ndivyo walivyo." Anashika bakuli anasema, "Ahsante dada, bila wewe ningekuwa wapi?" Na mimi nilikuwa nasikia raha. Zaidi ya mara moja nilimfuata mume uani nikiwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Kila siku ikipita, neno lile lilizidi uzito, kama mzigo wa kuni unaonyeshewa mvua.

Uchungu ulimshika masika, alfajiri, mvua imenyesha siku nne. Mume alikuwa nyumbani, ilikuwa mwisho wa mwezi. Akakimbia ofisini kuomba trekta ya kijiji impeleke mgonjwa zahanati, akakuta trekta imezama matopeni mpaka kwenye ekseli, na daraja la magogo limechukuliwa na maji. Hata machela isingevuka. Tukamwita mkunga, bibi mmoja mfupi mwenye sauti nzito, ambaye nusu ya kijiji kile aliipokea yeye kwa mikono yake. Akaja na majirani wawili, wanawake wenzetu.

Ilipofika saa tatu, mtoto alikuwa hajashuka. Saa nne, vile vile. Mkunga alimpapasa tumbo, akasikiliza, akanawa mikono polepole. Akachota maji kwenye kata akaiweka katikati ya chumba, juu ya mchanga. Sisi wote tukajua.

Desturi yenyewe ni hii. Mwenye ugomvi na mzazi anautaja kwa sauti, hata uwe mdogo namna gani, kisha anatia maji mdomoni anampulizia tumboni. Ukishatajwa, unakuwa umetoka. Asiyetaja, damu iko juu yake.

"Mwanangu," mkunga akamwambia, "una ugomvi na nani?"

Mwenzangu alikuwa amelala ubavu, jasho limemlowanisha. "Na baba wa huyu mtoto," akasema. "Alinikana mbele ya serikali."

Mkunga akaenda mlangoni. Mume alikuwa amechutama chini ya ukingo wa paa, mvua inamdondokea mgongoni na hajui.

"Wewe baba. Usiingie, simama hapo hapo. Ulimkana mkeo?"

"Sikumkana, bibi."

"Hakuandikwa."

"Najua hakuandikwa. Nilikuwa kwenye mkonge. Mwenyezi Mungu anajua."

"Mwenyezi Mungu anajua. Mtoto hajui. Yeye anasubiri kusikia."

Nilikuwa namwona kutoka ndani, miguu yake tu na matope. Kisha nikamsikia anasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi ni mimi. Nilimkana. Niliogopa wakubwa, nikasema nina mke mmoja. Nimekosa. Mwanangu, toka, mwenye kosa ni mimi."

Akapewa kata, akapuliza maji ndani yake, mkunga akayaleta akammwagia mwenzangu tumboni.

Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba anasema uongo. Alijibebesha aibu ambayo si yake, mbele ya wanawake, ili mke wake apone. Sijawahi kumpenda mwanaume yule kama dakika ile. Na sijawahi kumwonea wivu mwenzangu kama dakika ile ile.

Tukasubiri. Uchungu badala ya kukaza ukaanza kulegea. Midomo yake ikawa ya kijivu. Mkunga akamshika nyayo akazisugua, akasema bila kumtazama mtu, "Maji haya yamekataa. Mwenye nao bado anao."

Jirani mmoja akaanza kujigusagusa shingo. "Bibi, mimi nina kitu."

"Kitaje."

"Kuku wake. Yule mweusi. Nilisema ameliwa na kicheche. Nilimchinja mimi, wageni walikuja ghafla."

Mwenzangu akafumbua macho. "Nilijua," akasema. "Kicheche gani anafukia manyoya?"

Wanawake wakacheka, hata mkunga, na jirani akapuliza maji yake huku amejifunika uso kwa kanga. Jirani wa pili akasema yeye hana ila aliwahi kumsema kwamba anatembea kama bata. Naye akapuliza. Kile kicheko kikatulia, mvua ikasikika tena juu ya nyasi.

"Na wewe bi mkubwa?" mkunga akaniuliza.

"Mimi sina."

"Huna?"

"Nampikia uji kila siku, bibi. Waulize."

"Uji nimeuona," akasema. "Sikukuuliza habari za uji."

Nikainamisha kichwa. Sasa niseme nilichokuwa nacho kichwani, maana kama sitasema hapa sijui nitasema wapi. Niliwaza mgambo. Niliwaza talaka, mume akinisikia kupitia ukuta ule wa fito, na mimi baba yangu ameshakufa na milimani hakuna nyumba inayoningoja. Na niliwaza kwamba akifa huyu, hakuna atakayejua kamwe. Wazo hilo liliingia na kutoka upesi, lakini liliingia. Lilikuta mlango uko wazi.

Mwenzangu akanyoosha mkono akashika wangu. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Dada," akasema, "nikifa na mtoto akawa mzima, mchukue wewe. Usimpe baba yake. Hata mimi alisema sipo."

Nikasema, "Si yeye."

"Nini?"

"Aliyesema hupo. Si yeye."

Mkunga akasogea. "Sema kwa sauti. Mtoto huko ndani hakusikii."

Nikasema kwa sauti. Nilisema kwamba waandikishaji walikuja yeye akiwa mtoni. Kwamba waliniuliza ng'ambo anakaa nani, nikawaambia ni mgeni, anarudi kwao. Kwamba mume hakujua, na mpaka dakika ile alikuwa hajui, alikuwa amejisingizia tu. Nikasema ugomvi wangu ulitokana na kicheko chake, na niliposikia sentensi hiyo inatoka mdomoni mwangu ilikuwa ndogo na ya kijinga kuliko ile habari ya bata. Hakuna aliyecheka. Nje, miguu ya mume haikuonekana tena mlangoni. Nikatia maji mdomoni, na yalinishinda, nikakohoa nusu, nusu nikampulizia.

Nilidhani ataniachia mkono. Hakuniachia. Aliubana mpaka kucha zikaingia. Alama moja ninayo mpaka leo, watoto huniuliza kama niliungua.

"Na uji?" akaniuliza.

"Uji ulikuwa uji. Haukuwa na kitu."

"Najua haukuwa na kitu. Nilikuwa nikimaliza bakuli nakuombea dua."

Nikamfuta jasho la usoni kwa ncha ya kanga yangu.

"Sema umesikia," mkunga akamwambia.

"Nimesikia."

"Sema umeacha."

"Sijaacha. Nimesikia."

"Hata hiyo inatosha kuzalia," mkunga akasema. "Inuka. Tupige magoti sasa. Bi mkubwa, kaa nyuma yake, mpe kifua chako aegemee. Hukumpa nyumba, mpe egemeo."

Tukamwinua. Akashika nguzo ya katikati, mimi nikamshika kwa nyuma chini ya kwapa, uzito wake wote ukawa wangu. Ikachukua muda mrefu. Alinirushia kichwa mdomoni nikavunjika jino hili la pembeni. Adhuhuri ilikuwa imeshapita mtoto alipotoka, wa kiume, amejiviringishia kitovu shingoni, wa bluu kama dagaa. Mkunga akamfungua, akampuliza puani, akampiga nyayo. Mara ya tatu akalia.

Sijui kama ni maneno yangu yaliyomtoa au ni kule kupiga magoti. Mwanangu aliyesoma anasema ni magoti. Mkunga hakuwahi kusema. Mimi najua tu kwamba bila maneno yale nisingekaa nyuma yake.

Mume hakuniacha. Alifanya jambo lingine, alinyamaza. Alikula chakula changu na hakusema neno. Siku ya tatu nikajifunga kanga mbili nikaenda ofisini peke yangu.

Mwenyekiti alikuwa na karani. Nikaamkia, nikakaa kwenye benchi.

"Nimekuja kuandikisha mtu."

"Tumesikia mmepata mtoto nyumbani. Hongera."

"Huyo na mama yake."

Nikawaeleza. Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hiyo uliidanganya Serikali."

"Ndiyo."

"Unajua mtu anawekwa ndani kwa hilo?"

"Najua. Ndiyo maana nimevaa kanga mbili, moja ya kulalia huko."

Karani akainama kwenye karatasi zake, mabega yanamcheza. Mwenyekiti hakucheka. Nikahesabu misumari ya mlango. Kisha akasema, "Nikikuweka ndani, nani atamlisha mzazi?" Akamwambia karani aandike. Nikasimama nikaona kalamu ikiandika jina la mwenzangu, na kwa kuwa ya misheni nilikuwa nimeyasahau na kisomo ndiyo kwanza nimekianza, nilizijua herufi tatu za mwanzo tu.

"Kwa hiyo mna haki ya kiwanja kingine," mwenyekiti akasema. "Kimebaki kimoja, mwisho wa mstari, kule unakoanzia msitu. Nani anahamia, mkaamue wenyewe."

Sikwenda kuamua na mtu. Nikasema kinachukuliwa na mimi.

Watu walisema nimefukuzwa. Wengine walisema nimejifukuza. Mwenzangu alibaki kwenye nyumba na mtoto wake, na jiko likawa lake. Mume alinikatia fito na nguzo, akazifunga kwa kamba za mkonge, akaezeka, yote kwa kimya, akarudi kazini. Ikabaki kazi ya kukandika, na hiyo kwetu ni ya wanawake. Sasa, udongo wa kukandika unataka watu wawili. Mmoja anasimama ndani, mmoja nje, wanapiga mahali pamoja kwa wakati mmoja, udongo unakutana katikati ya fito unashikana. Ukipiga peke yako unasukuma, tonge linatokea upande wa pili linaanguka. Nilipiga siku mbili. Napiga ndani, nasikia linaanguka nje. Nazunguka nje napiga, linaanguka ndani. Majirani walikuwa wananiona. Hakuna aliyekuja, na sikuwalaumu.

Siku ya tatu niko ndani, nimepiga tonge, nikangoja kulisikia likianguka. Halikuanguka. Kulikuwa na kiganja upande wa pili. Nikasimama. Katikati ya fito sikuona kitu ila kipande cha kanga.

"Piga kwa nguvu," sauti yake ikasema. "Unapapasa tu."

"Mtoto umemwacha na nani?"

"Amelala, yuko hapa kivulini. Na siku arobaini hazijaisha, kwa hiyo ukiulizwa hujaniona. Piga."

Nikachota udongo. Nilitaka kusema kitu, akanikata kabla sijaanza.

"Usiniambie neno leo, dada. Sitaki maneno yako. Tuanzie chini tupande."

Nikashuka nikapiga magoti, naye nikamsikia anashuka upande wake. Tukaanzia chini.